Pakiti ya Bolti Isiyofunguliwa

Gunvor Näslund aliikuta pakiti ile nyuma ya makopo ya rangi, asubuhi moja ya Januari, alipokuwa akitafuta kitambaa cha kufutia mikono. Alisoma kibandiko, akakisoma tena. Zilikuwa bolti mpya za konrodi, zile zinazoibana mikono ya pistoni kwenye shafti ya injini. Alikuwa ameziagiza mwenyewe kwa ajili ya gari la Pernilla, nesi wa wilaya. Na gari la Pernilla lilikuwa limekwisha kuondoka wiki iliyopita, injini ikinguruma kama imetoka kiwandani.

Mumewe, Sixten, alikuwa amekaa kando ya jiko la kuni, hapo hapo gerejini, kikombe cha kahawa mkononi.

"Sixten, injini ya Pernilla uliifunga kwa bolti zipi?"

"Mpya. Ulitaka niifunge kwa misumari?"

"Mpya ndizo hizi. Hata plastiki haijachanwa."

Sixten akaipokea pakiti, akaitazama, uso ukamchanua. "Kumbe zimefika! Basi kesho tumfungie yule nesi injini yake."

Gunvor aliketi juu ya tairi. Mtu huyu ndiye aliyewahubiria vijana wote wa kijiji chao cha Storbäck kwamba bolti ya konrodi hufungwa mara moja tu. Ukishaikaza imevutika, hata kama jicho halioni. Ukiirudisha itavumilia, itavumilia, kisha siku moja itakatika. Zamani alikuwa akizipinda kwa nyundo bolti kuukuu, mtu asije akashawishika. Sasa alikuwa amezirudisha mwenyewe, zote, akizikaza kwa ustadi ule ule.

Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemwingia polepole, kama maji yanayopenya chini ya mlango. Gunvor aliuona, akaufunika. Jina la mteja likimponyoka, alimnong'oneza. Akifunga kitu kombo, yeye alikirudia kimyakimya. Lakini injini ya Pernilla hakuikagua. Alimsikia mumewe akipiga mluzi kazini kama siku zao za ujana, akaona raha, akamwachia.

Alipiga simu ya Pernilla, haikupatikana. Akapiga kituo cha afya. Wakamwambia ametoka alfajiri kwenda kwa wagonjwa wa upande wa msituni, na mgonjwa wa kwanza bado anamngoja.

Gunvor alichukua gari la kuvutia magari, akaifuata njia ile. Kabla hajaliona gari la Pernilla aliyaona mafuta: mstari mweusi juu ya barafu, ukikata kona kuelekea mtaroni. Lori la magogo lilikuwa limesimama pale, na dereva wake alikuwa amepiga magoti kwenye theluji, akimfunga Pernilla blanketi. Bolti ya konrodi ilikuwa imekatika, na konrodi ikatoboa ubavu wa injini. Injini ikakwama ghafla, magurudumu nayo yakagoma, gari likateleza kama sabuni. Pernilla alikuwa amevunjika mguu. Alitambaa mpaka barabarani, na humo njiani glavu ya mkono wa kulia ikabaki kwenye theluji.

"Mama Gunvor," alisema, midomo imekuwa ya buluu, "hili gari limenifanyaje?"

Gunvor alivua glavu yake, akamvisha mkono wa kulia.

Hospitali ya mji wa Umeå iliuokoa mguu. Vidole vinne vya mkono wa kulia, vilivyokufa kwa baridi, vilikatwa.

Gunvor alikwenda kumwona, akamweleza yote bila kujitetea.

"Nilijua," Pernilla akasema.

"Ulijua nini?"

"Siku nilipokuja kuchukua gari, Sixten alinisalimu mara tatu, kila mara kama ndiyo kwanza nafika. Mimi nesi, mama. Nikajiambia, nikisema, Gunvor ataona namsengenya mumewe."

"Usinibebee mzigo wangu, mwanangu."

"Sikubebei! Nina hasira nawe sana. Nimekwambia kwa sababu nawe umeniambia."

Siku ile ile Gunvor alifunga gereji na kuutia ufunguo mfukoni mwake. Sixten alimzibia njia mlangoni.

"Lete ufunguo. Nilianza kufungua injini wewe bado unacheza na wanasesere!"

"Najua, mzee wangu. Lakini leo hapana."

"Mwizi wewe! Nani amekutuma?"

Basi akamweleza habari za Pernilla. Sixten akajishika kichwa, akalia kilio cha mtu aliyefiwa, mpaka akalala kitini. Kesho yake aliamka, akala uji wake, akauliza ufunguo uko wapi. Gunvor akamweleza tena, na tena akalia vile vile, kama ndiyo kwanza habari inamfikia. Gunvor hakurudia mara ya tatu. Tangu hapo akiulizwa alijibu kwamba kufuli limeganda kwa baridi, na akamwacha amtukane.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, Pernilla alikuja kwa magongo. Kazi ya kuwachoma wagonjwa sindano ilikuwa imemwishia. Kituo kilikuwa kimempa meza na simu. Hakusema amekuja kufanya nini. Gunvor alimkaribisha jikoni, akamwekea kahawa na mkate wa iliki, naye akainua kikombe kwa mkono wa kushoto, taratibu, kama mtoto anayejifunza.

Sixten aliingia, akamtazama, macho yakatua kwenye mkono wenye bendeji.

"Masikini, mwanangu! Nani amekuumiza hivyo?"

Gunvor aliangalia sakafu.

"Baridi tu, mzee," Pernilla akasema. "Gari liliniharibikia njiani."

"Gari?" Sixten akavuta kiti karibu naye. "Ungeniletea mimi. Hao mafundi wa siku hizi hawana moyo, wanarudisha vyuma vichakavu kwenye injini za watu. Niletee, nitakufungia vizuri."

"Ahsante, mzee."

Gunvor aliinuka kuongeza kahawa. Alimimina mpaka kahawa ikafurika mezani, naye hakuifuta.