Athieno na Mguu wa Nguruwe

Enzi zetu kule Mulanda, jua likielekea kutua, kila mama alikuwa na mguu wa mtoto mapajani na pini mkononi. Funza walitoka mmoja mmoja, weupe, nasi tuliinama kuwatazama badala ya kulia. Nani asingetaka kujua kitu kidogo vile kiliingiaje bila kubisha hodi? Kisha tulipakwa mafuta ya taa, tukarukaruka uani huku dagaa wakinukia jikoni.

Dada yangu Athieno ndiye ambaye funza walimpenda zaidi. Watolewe leo, kesho wamerudi. Akaacha shule, akaacha na kwepena, ule mchezo wetu wa kukwepa mpira wa matambara, akawa anakaa barazani kutulindia mashati. Majirani walinong'ona kwamba ni mchafu. Mama alimsugua kwa jiwe mpaka ngozi ikachubuka, na bado walirudi. Iliniuma, maana pale kwetu hakuna aliyekuwa na mbio kama zake.

Kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine, Athieno alitazama. Alitazama kuku, mbwa, na nguruwe wetu, ambaye usiku tulimfunga jikoni kwa kuogopa wezi, hapo hapo tulipolala watoto. Jioni moja akasema, "Mama, angalia nguruwe. Iko natembea kama mimi."

Baba alicheka. Mama hakucheka. Aliinua mguu wa nguruwe, akakuta funza wamejaa kwenye kwato kuliko kwenye miguu yetu sote.

Nguruwe akajengewa banda nje. Daktari wa mifugo akaja na bomba, akampulizia dawa miguuni, na mbwa naye hakusazwa. Sakafu ya jikoni ikakandikwa upya kwa mavi ya ng'ombe. Vidonda vya Athieno vikafunga polepole. Siku aliyorudi kwenye kwepena, mpira wa kwanza ulimpata mgongoni, akacheka mpaka akakaa chini.

Watoto wa leo huvaa viatu kabla hawajashuka kitandani. Kijana akiona kupe kwenye sikio la ndama, kwanza anampiga picha, ndipo amtoe, akikumbuka. Athieno, bibi wa watu sasa, akija kututembelea kutoka Busia haanzii sebuleni. Huenda bandani moja kwa moja, akainua mguu wa kila nguruwe, na wajukuu humcheka.

Mimi huzitazama nyayo zangu, laini, nikaikumbuka mikono ya Mama. Miguu yetu imepona, ila siku hizi hakuna anayeishika.