Mguu wa Jiwe

Nyumba yangu imekamilika. Naanza na hilo kwa sababu watu wakinisikia nikiizungumzia kwa uchungu hudhani niliishia kwenye lenta, kabla ya paa, kama wengi wanavyoishia. Hapana. Ina bati, ina milango, ina madirisha ya vioo, vyumba vitatu na baraza inayotazama ziwa. Imejengwa vizuri kuliko nyumba nyingi za mlima huu, na aliyeisimamia tangu kamba ya kwanza mpaka kitasa cha mwisho ni mimi mwenyewe. Ndiyo maana sina wa kumlaumu.

Miaka yote niliyopanga Nyakato nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki, nikisimamia wanawake wanaochuna minofu ya sangara. Kazi ile inamfundisha mtu ukali. Nilipowaambia wenzangu kwamba nitajenga bila fundi mkuu, walicheka, nami nikawauliza: anayewaweza wanawake arobaini wenye visu mkononi atashindwaje na mafundi watano wenye mwiko? Kaka yangu alimwachia fundi mkuu kila kitu, akaishia kupata nyumba ambayo mlango wa choo unafungukia jikoni. Mimi nikaapa nitanunua mwenyewe, nitapima mwenyewe, nitaamua mwenyewe. Mume sina, tuliachana zamani bila kelele, kwa hiyo hata nyumbani hapakuwa na wa kunipinga.

Nyumba yenyewe niliijenga kwa ajili ya mama. Mama alikuwa Nansio, kisiwani, peke yake tangu baba afariki, macho yakififia mwaka hadi mwaka. Kila nilipovuka kwenda kumsalimia nilimkuta na alama mpya: mara ameungua mkono jikoni, mara amejigonga paji la uso kwenye fremu ya mlango. Kuja kukaa nami kwenye chumba cha kupanga hakutaka hata kusikia. "Nitakuja siku ukiwa na kwako," aliniambia. "Sitaki kufia kwenye nyumba ya mtu." Hakulisema kwa huzuni. Alilisema kama mtu anayekwambia hanywi chai isiyo na sukari. Nami nikalibeba neno hilo muda wote wa ujenzi.

Kiwanja nilikipata mlimani, upande wa Nyegezi, mahali ambapo gari halifiki. Unaacha barabara, unapanda kwa miguu katikati ya mawe. Asiyeujua mji huu atashangaa, lakini sisi tunajenga hivyo, nyumba inakaa palipobaki baada ya mawe kuchagua nafasi zao. Kwangu yalikuwepo mawili. La kwanza lilikuwa refu, limelala nyuma ya kiwanja, nusu limezama ardhini. La pili lilikuwa kubwa kuliko nyumba niliyotaka kujenga, nalo lilikaa juu ya lile la kwanza na kuegemea mlima. Mgongoni mwake, huko juu kabisa, jirani mmoja mjane alikuwa amejenga jiko lake.

Msingi huku hujengwa kwa mawe, na mwenye kiwanja chenye mawe huonekana ana bahati. Hununui, wala huajiri watu wa kukupandishia. Unaita wapasua mawe, wanawasha magogo na matairi mabovu juu ya jiwe, wanaliacha liive, kisha wanalipiga nyundo linaachia vipande. Nilipolitazama lile la chini, nililiona kama msingi wangu wote umelala pale unanisubiri.

Fundi wangu wa kuta alikuwa mzee wa Kisukuma, mtu wa maneno machache, aliyezungumza na timazi yake kuliko na sisi. Nilimheshimu. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, hata siku nilizokuja kugomba. Siku wapasua mawe walipofika na matairi yao, aliacha kazi, akalizunguka lile jiwe mara mbili, akaweka kiganja pale mawe yote mawili yalipokutana.

"Mama," aliniambia, "hili la chini limebeba mwenzake. Huu ni mguu. Tukiukata, lile la juu litabaki limekaa kwa huluma tu."

"Limekaa hapo tangu Mungu aumbe dunia," nikamjibu.

"Limekaa kwa sababu ya mguu."

"Hatuumalizi wote, mzee. Tunachukua upande wa mbele tu."

"Tununue mawe, mama. Wiki tatu tutakuwa tumeshayapandisha."

Mvua za vuli zilikuwa zinanukia, nami nilitaka msingi ufungwe kabla. Hiyo ndiyo sababu niliyoitoa. Lakini niseme ukweli, kilichoniudhi hakikuwa wiki tatu. Kilichoniudhi ni kuambiwa hapana mbele ya vibarua. Nikamwambia, "Hapa mkandarasi ni mimi."

Mzee akaokota mwiko wake. "Basi, shauli yako," akasema, na hakulizungumzia tena.

Moto uliwaka siku tatu. Moshi wa matairi ulipanda mpaka kwa yule jirani wa juu, akalazimika kufua upya nguo alizokuwa ameanika, na hata hivyo alinisalimia kwa adabu aliposhuka kuchota maji. Jiwe liliachia vizuri, vipande vyenye uso bapa, vya kupendeza. Msingi wangu ulipanda ndani ya siku chache, umenyooka, na wapita njia walisimama kuuliza ni fundi gani. Nilivimba kichwa. Nilisema fundi ni yule mzee, lakini aliyechagua mawe ni mimi.

Kuta zilichukua miaka, kama ilivyo kwa watu wa mshahara. Unajenga mpaka usawa wa dirisha, unapumzika, unarudi, majani yameota ndani ya sebule. Ilipofika zamu ya kupaua, nilikuwa nimekwama kabisa, na hapo ndipo mama alipofanya jambo ambalo sikumwomba. Aliuza kiwanja chake cha Nansio pamoja na nyumba, akamwekea mnunuzi sharti moja tu, kwamba asilime juu ya kaburi la baba. Kisha akanipigia simu kusema bati zangu zipo. Nililia kwenye simu, naye akanikemea, akasema nisimlilie mtu aliye hai.

Alishuka kwenye meli na kigoda chake na sufuria yake ya ugali, basi. Milango ilikuwa bado, kwa hiyo nilimwomba akae nami Nyakato kwa wiki chache tu, akakubali kwa shingo upande. Siku nilipompandisha mlimani kuiona nyumba, niliiona zaidi mimi, yeye aliipapasa. Alipitisha mikono kwenye kuta za kila chumba, akauliza chake ni kipi, akauliza jua linaingilia wapi. Barazani aliniuliza Nansio iko upande gani. Nikamshika mabega, nikamgeuza. Alisimama hivyo muda mrefu, na siku hiyo nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena.

Masika ya mwaka huo yalikuwa mabaya. Asubuhi moja nilikuta jirani wa juu ananisubiri kwenye ngazi zangu. "Jirani, naomba uje uone jikoni kwangu," alisema. Sakafu yake ilikuwa imepasuka kutoka ukuta hadi ukuta. Tukashuka wote wawili mpaka nyuma ya nyumba yangu, na hapo nikaona kilichobaki cha ule mguu. Pale pale tulipowasha moto palikuwa na ufa. Ulianzia chini, ukapanda mpaka chini ya lile jiwe kubwa, na ukucha wangu uliingia ndani yake bila shida. Nikakaa kwenye tope.

Mzee wa kuta nilimwita, akaja, akaweka kiganja kama alivyoweka mara ya kwanza. Nilitamani aseme, nilikwambia. Nikatafuta mhandisi, akapanda mlima akihema, akazunguka, akanieleza kwa upole. Kulipasua jiwe la juu hakuwezekani, lingeshuka lote. Kulijengea nguzo ya zege ya kulizuia kulihitaji mashine, na mashine haina njia ya kufika. Nilimuuliza lililobaki ni nini. Alitazama baraza yangu, vioo vyangu, rangi ambayo ilikuwa haijakauka vizuri. "Asilale mtu humu, mama," akasema.

Jirani alibomoa jiko lake, akaanza kupikia mbele ya nyumba, chini ya turubai. Hajawahi kunigombeza hata siku moja. Ananisalimia, anauliza hali ya mama, anaendelea na mambo yake. Laiti angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Mama nilimdanganya miezi miwili. Nilisema milango imechelewa, nikasema harufu ya rangi itamletea kikohozi. Mpaka siku alipoteleza kwenye njia ya choo pale tulipopanga. Choo ni cha wapangaji wote, sakafu haikauki, na wapangaji wenzangu walimnyanyua akiwa amelowa, khanga imemvuka. Nilipomrudisha chumbani nikamweleza yote, jiwe, mguu, moto, maneno ya mzee na jibu langu. Sikuficha kitu. Alisikiliza amenigeuzia sikio, kama anavyofanya siku hizi.

"Litaanguka lini?" akauliza.

"Hakuna anayejua, mama. Labda mwaka huu. Labda miaka mia."

"Mimi sina miaka mia."

"Mama, siwezi kukuweka pale."

"Mwanangu, kwangu nimeshauza. Kaburi la baba yako nimemwachia mtu. Unataka nife hapa, kwenye foleni ya choo?" Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu. "Wewe baki hapa kama unaogopa. Mimi nipeleke kwangu."

Nilibishana naye wiki nzima, akanishinda. Ukali wangu wote uliishia kwa vibarua. Jumamosi nikafunga vitu, tukahama, kwa maana kumwacha peke yake chini ya jiwe nililolilegeza mimi nisingeweza.

Yule mzee aliposikia tumehamia alipanda mlima bila kuitwa. Alikoroga saruji kidogo, akapaka ukanda mwembamba ukikatisha ule ufa, upana wa vidole viwili. Akanieleza: saruji haijui kunyumbuka, jiwe likisogea kiasi cha unywele, ukanda utakatika. "Uutazame kila asubuhi," akasema. "Ukikatika, mama, mtoke siku hiyo hiyo, hata kama hamna pa kwenda." Mama alikuwa kwenye kigoda chake, anasikia kila kitu.

Tangu hapo maisha yetu yana utaratibu. Naamka, nazunguka nyuma ya nyumba na kutazama ukanda, narudi. Mama anakuwa ameshaketi barazani, uso ameuelekeza Nansio. Kwanza tunasalimiana, kisha ananiuliza, "Jiwe limeamkaje?" Nami namjibu, "Limeamka salama." Hapo ndipo ananiruhusu kuweka chai. Amenenepa kidogo. Anajua njia ya chooni kwa hatua, kumi na moja kwenda, kumi na moja kurudi, na hajaanguka. Ameshaniambia atazikwa wapi, kwenye kipande kidogo cha udongo kando ya ngazi, na kwamba nisimpande maua yenye miiba. Ana amani ambayo mimi siijui. Mimi kila mvua ikigonga bati nahesabu mapigo ya moyo wangu, na kila siku namwona yule binti wa kiwandani niliyekuwa mimi, mkali, anayesema hapa mkandarasi ni mimi, na natamani kumshika kola.

Asubuhi moja ya Jumapili, mvua ilikuwa imenyesha mpaka alfajiri, nilizunguka nyuma nikakuta ukanda umekatika. Mstari mmoja tu, umepita katikati safi kabisa. Niliugusa kwa kidole, nikahisi upande mmoja umeushinda mwingine kidogo sana. Niliwaza pa kwenda, nikapitia kichwani kila mlango ninaoujua, wa kaka, wa wapangaji wenzangu, wa kanisani, na nyuma ya kila mlango niliona choo ambacho si cha mama. Kutoka barazani nilimsikia akikohoa, akisogeza kigoda, akinisubiri. Nikaingia stoo, nikachota saruji iliyobaki, nikaikorogea kwenye kikombe, nikarudi. Nilipaka juu ya ule ule, upana ule ule, nikausawazisha kwa kidole gumba. Kisha nikanawa mikono kwenye pipa la maji ya mvua.

"Leo umechelewa," mama akasema. "Jiwe limeamkaje?"

"Limeamka salama, mama."

"Basi tumshukuru Mungu. Weka chai."

Nikaweka chai. Leo asubuhi nimeupaka ule ukanda kwa mara ya nne, na mama bado anaamini ni ule wa kwanza.