Mkufu wa Mheshimiwa

Mama wa mikufu pale Malaba hanunui karatasi. Uchaguzi ulipoisha alibandua mabango ya mshindi, mume aliyemwacha mara tu ushindi uliponukia. Huyakata vipande vyembamba, akianza na tabasamu, akavizungusha kwenye sindano ya magunia mpaka viwe shanga, kisha akazipaka vanishi. Alikuwa ameapa kumtusi yule mke mpya aliyetolewa Tororo, siku akimtia machoni. Jana mke huyo akashuka kwenye gari la mheshimiwa, bila kumjua muuzaji, akajipima mkufu.

"Mama, huu unang'ara kweli! Ni karatasi gani?"

Vidole vilisita, kisha vikamfungia fundo shingoni, taratibu.

"Ya kawaida tu, dada. Lakini mvua ikianza uvue haraka. Huyo, hata umande unambabua."