Pua ya Seth

Watu wa mtaa wetu wa Kikuyu wakimwona mume wangu anapita hubana pua, na vyoo vyao vilipojaa walimwita fundi. Nimeishi na unafiki huo miaka. Jina lake Methusela, Mgogo wa Bahi, na kazi yake ilikuwa kutapisha vyoo. Naisema hivyohivyo, kutapisha vyoo, maana wapo wanaotaka niseme anashughulika na usafi wa mazingira. Mazingira gani? Choo kimejaa, mtu anashuka na ndoo, anapakua. Huyo mtu alikuwa mume wangu.

Hakuanza hivyo. Alipokuja mjini aliajiriwa kwenye gari la kunyonya vyoo, gari la ofisi, akapewa sare ya kaki na buti za mpira. Alisimama juu kashika bomba, hata tone halikumgusa. Ikaja ile miaka ya soko huria, ofisi zikaanza kupunguza watu. Gari likapandishwa juu ya mawe kwa kukosa vipuri, na Methusela akapunguzwa, buti akaambiwa azirudishe. Wakati huohuo mji ndiyo kwanza unajaa. Kila mwenye ua wa kutosha akajenga gesti kwa ajili ya wageni wa Bunge. Gesti zilijengwa haraka, vyoo vikachimbwa haraka zaidi, na vilipojaa wakatafutwa watu wenye kamba na ndoo, Methusela akawa mmoja wao.

Mdogo wangu Seth alitufuata baada ya mtama kukauka shambani misimu miwili. Nilimwambia aende Kizota kwa wachomelea vyuma, hata kufagia atafagia. Alizunguka Kizota mpaka soli zikaisha, akarudi, akaingia kazi ya shemeji yake. Niligomba, nikasusa kula, nikatishia kurudi kwetu. Walinisikiliza wote wawili kwa adabu, na kesho yake asubuhi wakaondoka na ndoo.

Huyo Seth alikuwa mtanashati balaa. Akitoka kazini alijisugua kwa majivu, kisha kwa sabuni ya mche, kisha akajipaka mafuta ya nywele yenye harufu ya waridi mpaka foronya ikawa na doa lisilotoka. Jumapili alivaa shati lake la drafti la bluu, akaenda kukaa mbele kabisa kanisani, karibu na kwaya. Wasichana hawakubana pua. Methusela alimtania kwamba mahari yake atalipa kwa mafuta ya nywele. Lakini msichana wa kwaya alishakubali, posa ilishapelekwa, na Seth alinihakikishia kwamba akishaoa hatashika ndoo tena. Nilikuwa naihesabia siku harusi hiyo kama mfungwa anavyouhesabia msamaha.

Kazi yenyewe ina utaratibu wake. Kabla ya kushuka humimina mafuta ya taa shimoni, wakakoroga kwa mti mrefu, wakangoja juu. Kwanza hupanda harufu ya mayai viza, inachoma mpaka macho. Halafu inapungua. Halafu hakuna kitu kabisa. Hapo husema harufu imekufa, mafuta ya taa yameiua, na mtu hushuka. Ndivyo Methusela alivyofundishwa na waliomtangulia, naye ndivyo alivyomfundisha Seth. Na akifa mtu shimoni, walisema alikuwa amelewa.

Habari ya pua niliigundua mimi. Siku moja maharage yaliungua mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna usalama, na Methusela amekaa kando ya jiko anatengeneza redio. Nikamuuliza, we mwanamume, husikii harufu? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za Ulaya. Nikampelekea kitunguu puani, hakuna. Nikampelekea mafuta ya taa, hakuna. Nikamwambia kesho hospitali, na usipokwenda nitakubeba mgongoni watu waone.

Akaenda peke yake. Akarudi mchana, akaniambia daktari amesema hewa ya chooni imeiziba pua yake. Ndani ya pua kuna vitundu kama vya kufuli, harufu ndiyo ufunguo, na ile hewa imekaa kwenye tundu, ufunguo haupiti, kwa hiyo kichwa hakipati habari. Amesema asishuke tena. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nikamuuliza, basi?

"Basi mimi nitakaa juu nishike kamba," akasema. "Tutatumia pua ya Seth."

Nilikasirika. Nikamwambia pua ya mdogo wangu si sururu ya kuazimana. Akasema kwa upole kwamba Seth ni kijana, pua yake nzima, ananusa samaki wa jirani kabla hajatiwa chumvi. Seth naye akacheka, akasema dada, ni hadi harusi tu.

Jumamosi moja Bashiri, mwenye gesti karibu na stendi, akawaita. Wageni wa Bunge walikuwa wanaingia Jumatatu na choo kimefurika. Yaliyotokea sikuyaona, lakini Methusela amenisimulia mara nyingi mno, na kila mara ni maneno yaleyale. Walimimina mafuta ya taa. Wakakoroga, na ilikuwa saa za mchana, jua kali. Seth akainama juu ya shimo, akasogeza uso, akanusa kwa uangalifu kama alivyoelekezwa. Methusela, ambaye kwake shimo lile na kisima cha maji safi vilikuwa kitu kimoja, akamuuliza inanukaje.

"Ilinuka vibaya sana, shemeji," Seth akasema. "Sasa imekufa kabisa. Nishushe."

Akamshusha. Hakusikia kelele wala kikohozi. Kamba ililegea tu mkononi. Alipoivuta ilikuwa nzito, na ikateleza ikaja tupu. Akataka kuruka ndani. Bashiri na mafundi wawili wakamwangusha, wakamkalia mpaka walipopata ndoano ndefu. Wale watu walinibakizia mume. Nawashukuru, na kuna siku nawachukia pia.

Tulimzika Seth Bahi. Msichana wa kwaya alikuja, akakaa na wanawake wa kwetu, kisha akaondoka.

Baada ya matanga nilimshika Methusela mkono, nikampeleka kwa daktari yuleyule. Daktari Wambura ni Mkurya, huwa haongei kwa kubembeleza, lakini siku hiyo alivuta kiti akakaa karibu yetu. Akaeleza upya. Mafuta ya taa hayaui kitu. Kukoroga ndiko kunakoipandisha hewa yenyewe ya sumu. Ikiwa kidogo, inanuka mayai viza. Ikizidi, inaziba pua palepale, mtu hasikii tena, anadhani imeondoka.

"Harufu ikikatika ghafla, hapo ndipo pa kukimbia," akasema.

Methusela akauliza, taratibu sana, kama ni hata kwa pua nzima. Hata ya kijana.

"Pua ya mtu yeyote, mzee wangu. Nilikwambia siku ile."

"Nilidhani unaisema yangu," akasema Methusela.

Daktari akamwandikia dawa ya usingizi. Kuhusu pua yake alisema huenda ikarudi kidogo akikaa mbali na mashimo, na huenda isirudi. Haijarudi.

Aliacha ile kazi. Tunakula ninachouza mimi, mboga na karanga. Mara moja alisikia kwamba Bashiri amepata vijana wengine, akaenda mbio kuwaambia habari ya mafuta ya taa. Walimsikiliza wakiwa wamefunga vitambaa usoni. Mmoja akamuuliza kama si yeye aliyemshusha shemeji yake mwenyewe. Wakamimina, wakakoroga, wakangoja harufu ife. Siku hiyo hakufa mtu, kwa hiyo Methusela ndiye aliyeonekana mwongo.

Shati la drafti la bluu liko kwenye msumari nyuma ya mlango. Sijalifua. Jioni Methusela hulitungua, akalibandika usoni, akavuta pumzi mpaka mbavu zikamtoka. Hapati kitu. Hunigeukia.

"Lydia, bado ananukia?"

Mimi ni mtu wa hasira, Kikuyu yote inajua, na sina mazoea ya kumdanganya mtu ili kumfurahisha. Yale mafuta ya waridi yalishatoka kwenye lile shati tangu mvua za kwanza. Sasa linanuka vumbi, kama kila kitu hapa.

Namwambia bado.