Mweso wa Nsambya na Nakuru

Jumamosi iliyopita mjukuu wangu alitupa simu kwenye kochi kama mtu anayetupa ganda la ndizi, akasema, "Basi! Sichezi tena na yule."

Yule ni rafiki yake aliyekua naye hapa Kasubi, mlango kwa mlango, mpaka wazazi wake wakamhamishia Kanada. Kila Jumamosi wanacheza gemu kwenye simu, wanajenga mji wao. Sisi huku tumeshakula matoke ya mchana, mwenzake kule anakunywa chai ya asubuhi. Kwangu sheria ni hii: sahani kwanza, gemu baadaye, na adhana ya Alasiri ikilia simu inawekwa chini. Anaitii. Mtoto ana akili kama wembe, wa kwanza darasani, na nitamsifu mpaka mchoke.

"Ananiita mwongo, Jaja," akalalamika. "Eti nimebomoa ukuta wake."

"Umeubomoa?"

Akatazama dirishani. "Mimi siombi msamaha. Aanze yeye."

Ndugu yangu, hapo nilikaa chini. Maneno hayo nayajua. Yalitoka kinywani mwangu nikiwa mdogo kuliko yeye.

Tulikaa Nsambya, kwenye nyumba za reli, zile za safu, jirani akikohoa na wewe unaamka. Baba yangu, Mnubi mwenye mikono myeusi kwa grisi, alitia mafuta magurudumu ya mabehewa. Ijumaa mama alipika gurusa, ule mkate wetu mwembamba wa chumani, na harufu yake ilipigana na moshi wa treni ikashinda. Binti wa fundi wa injini, Mkenya wa nyumba ya pili, alikuwa anafika na sahani yake kabla hajaitwa. Nyuma ya jiko tulichimba mashimo ya mweso, bao la kwetu, safu nne, nane nane, tukacheza kwa mbegu nyeusi ngumu. Akina mama walituzomea: "Mweso wa wanaume huo, mtaota ndevu nyie!" Tukajishika videvu, tukaendelea.

Halafu baba yake akahamishiwa Nakuru. Tulilia siku mbili. Siku ya tatu akasema, nitachimba mashimo kama haya kule, na tutacheza vilevile. Na kweli tulicheza! Jirani yetu alikuwa gadi wa treni, ndiye aliyebeba karatasi zetu. Mimi shule niliiacha darasa la pili, kuandika kulinishinda, basi nilichora mashimo na kete zilizomo kwenye karatasi ya sukari na kutia alama pale nilipoanzia. Mchezo mmoja ulikula miezi. Mashimo yangu niliyafunika kwa sinia la mama, kuku wasidonoe kete. Mama alipiga kelele, "Wageni nitawapakulia kwenye nini, kwenye kiganja?" Lakini sinia aliniachia.

Siku moja nikaona nashindwa. Shimo langu la pembeni lilikuwa na kete saba. Zingekuwa nane ningezoa kete zake za upande mzima. Nikaongeza moja. Moja tu, nani ataona, yuko Nakuru.

Jibu lilirudi na gadi akalisoma kwa sauti pale bombani, ndoo zimepangwa, wanawake wote masikio wazi: "Ni saba, si nane. Hesabu tena." Walicheka mpaka maji yakamwagika. "Kumbe Mnubi wetu mwizi!" Uso ukaniwaka moto.

"Mwambie mwizi ni yeye," nikamwambia gadi. "Asiponiomba msamaha asinitumie kitu."

"Mtoto, neno zito hilo. Nitalibebaje?"

"Libebe."

Akalibeba.

Baada ya wiki nyingi ikaja karatasi. Amechora mashimo yote, kete zimepangwa upya kama mchezo haujaanza. Hakuna neno la msamaha wala la ugomvi. Nikaitazama, nikaikunja, nikawashia sigiri ya makaa. Mama akachemshia maharage moto ule. Mimi nikakaa kungoja aniombe, na kiburi kilinishibisha kuliko yale maharage.

Haikuja nyingine. Gadi alistaafu akarudi kwao. Treni za abiria zikapungua, kisha zikanyamaza. Zile nyumba za safu zimebomolewa. Bomba halipo, jiko la mama halipo, hata harufu ile ya grisi na mkate sijaikuta tena mahali popote.

Mjukuu alinisikiliza mpaka mwisho. "Na kweli zilikuwa ngapi, Jaja?"

"Saba."

Ni mara ya kwanza kulisema hilo kwa mtu, na nina mvi kichwa kizima.

Alichukua simu akamwandikia mwenzake kitu, sikuuliza nini. Kisha akanigeukia, macho yanang'aa. "Siku hizi watu wote wako humu. Nipe jina lake nimtafute huyo wa Nakuru."

Sisi wote tulimwita Binti Fundi. Mama yake alimwita jina refu la kwao ambalo ulimi wangu haukuliweza, na mimi, niliyekula naye sahani moja miaka yote ile, sikuwahi kumwambia anifundishe.

Mtoto alikaa pale kidole kikiwa juu ya kioo, akingoja nimwambie aandike nini.