Nilimwacha Afande Aamini Akili Yake Inapotea

Nimekosa, na sina wa kumsukumia. Mimi ni mtu wa kuhesabu kila kitu mara mbili, hata chenji ya chapati. Hili nalo nililihesabu vizuri kabisa. Ndilo linaloniuma!

Nauza na kutengeneza kompyuta za mitumba hapa Bukoto. Jirani yangu ni afande mstaafu, mtu wa Gulu, mpelelezi wa polisi wa zamani. Ndiye aliyenifundisha chesi. Katika klabu yetu yeye alikaa meza ya kwanza, ya mchezaji bora, mimi ya pili. Miaka sita, jamani! Ya pili!

Nyumbani alijipima na programu ya chesi kwenye kompyuta kuukuu, kiwango cha tatu. Leo inamfunga, kesho anaifunga. Kompyuta ikafa. Tukavutana bei hadi chai ikapoa, nikamhamishia programu yake kwenye mashine yenye prosesa mpya.

Akaanza kufungwa. Kila siku!

Wiki ya kwanza tu nikajua sababu. Kiwango cha tatu maana yake programu ifikiri sekunde kumi kwa kila hatua. Sekunde ni zile zile, lakini ndani yake prosesa mpya yenye kasi inaona hatua nyingi mbele ambazo ile kuukuu isingezifikia hata ikipewa dakika nzima. Kupunguza sekunde ni kubofya mara mbili. Sikubofya.

"Kijana wangu, kichwa kinavuja," akaniambia. "Kaka yangu alianza hivi hivi. Alikufa hajui majina ya watoto wake."

Nami nikajibu nini? "Pole, Afande. Ni umri." Banange, mdomo huu!

Mwezi haukuisha, akaachia meza ya kwanza. Nikakaa mimi.

Lakini mpelelezi hastaafu. Siku moja akaniita chumbani kwake, daftari la michezo yake ya zamani mkononi. Alikuwa amerudia mchezo mmoja hatua kwa hatua, ule ambao programu iliingia mtegoni mwake. Safari hii ilikataa mtego.

"Mimi nimecheza vile vile," akasema. "Iliyobadilika ni mashine. Ulijua?"

"Nilijua, Afande."

"Tangu lini?"

"Wiki ya kwanza."

Hakufoka. Laiti angefoka! Nikakwepesha macho, yakaangukia ukuta wa kitandani. Alikuwa ameandika majina kwa chaki, ayasome kila asubuhi asije akayasahau. Nikahesabu. Nikarudia. Wajukuu tisa. La kumi, langu.

Akachukua kitambaa, akafuta moja tu.

"Wajukuu wabaki, napenda kuwaangalia," akasema. "Wewe sitakusahau hata nikitaka."

Sasa anachezea klabu ya Lubaga. Tukipangwa kupambana hunipa mkono kama kanuni zinavyotaka, basi.

Ndugu zangu, ukimwekea mtu mashine mpya, mwambie imekuwa kali kuliko ile. Na ukimwona anajilaumu kwa kitu unachokijua wewe, sema siku hiyo hiyo, kabla hajaanza kuandika ukutani. Meza ya kwanza bado ni yangu. Nimeipigia hesabu mara mbili. Hasara!