Ukili wa Bibi na Maili za London

Juzi, ndani ya ndege, kioo cha mbele ya kiti changu kiliandika: Nairobi hadi London, muda wa saa nane na nusu. Nikacheka peke yangu, jirani akanitupia jicho. Hakujua, ndugu yangu, kwamba hesabu hiyo niliwahi kuifanya kwa ukili.

Nilikuwa darasa la nne Msambweni, miaka ile ya hamsini. Bibi yangu alikuwa msusi wa mikeka, na hakupenda kuona mkono wa mtu umekaa bure, basi hata shuleni nilikwenda na ukili wangu, ule utepe wa majani ya milala unaoshonwa kuwa mkeka. Nyumba yetu ilinuka milala na samaki wa kupaka. Bibi hakuwa na rula. Alipima kwa kuukunja ukili, mara mbili, mara tatu, akamaliza. Alipokwenda Mkongani kwa miguu kuuza mikeka, alihesabu na mahali pa kunywa maji na pa kuswali. Asiyehesabu vituo, alikuwa akiniambia, hajahesabu safari.

Baba alikwisha kuamua: mwaka ukiisha, shule basi, mtoto wa kike amesoma ya kutosha. Nililia mpaka nikachoka.

Siku moja akaja mkaguzi Mwingereza kutoka Kwale, amebeba tufe la dunia. Baba alikuwa juu ya paa la darasa letu akiezeka makuti, maana kila mzazi alikuwa na zamu yake. Mkaguzi akauliza ni maili ngapi kutoka Nairobi hadi London, na ndege iendayo maili mia tatu kwa saa itachukua muda gani. Wavulana wakakimbilia rula. Rula haipindi, na tufe ni duara, wakabaki kuibonyezabonyeza.

Nikatoa ukili. Nikauzungusha tumboni mwa tufe, pale mwalimu alipotufundisha kuwa ni maili elfu ishirini na tano, nikaukunja mara sita sawasawa. Kunjo moja likatoka Nairobi, likaikosa London kwa upana wa ukucha. Maili elfu nne na kitu, saa kumi na nne.

"Lakini abiria atafika kesho yake, bwana," nikasema. "Ndege nayo itatua njiani itiwe mafuta."

Wavulana wakaangua kicheko. Mkaguzi hakucheka. Alisema alikuja na ndege hiyo hiyo, ikatua mara nne, akashuka miguu imevimba. Akanipa mkono mbele ya darasa zima. Nilifurahi kupita siku ya Idi.

Baba akateremka, vumbi la makuti limemjaa ndevuni, akamwambia mwalimu, "Kesho nitaleta makuti mengine. Mtoto wangu bado atakaa humu."

Nikakaa kweli, mpaka nikawa mwalimu wa hesabu. Bibi hayupo, baba hayupo, na lile paa sasa ni la bati. Hata ndege siku hizi haitui popote njiani. Nilishuka London kifua mbele, nikijua bibi angeniuliza nilipumzika wapi.